Piko Isifike Kwenye Nyusi

Ifikapo Mfungo Mosi, saumu imekwisha na vyakula vya Idi vimeliwa, mitaa yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu huingia katika harusi. Asmini hutungwa, singo husagwa, na wapakaji hina hawashikiki. Katika shamrashamra hizo limezuka jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni kupaka piko kwenye nyusi.

Msomaji huenda akauliza, je, nyusi nazo ni za kuandikiwa tahariri? Twajibu ndiyo, kwa sababu jambo lenyewe limeingia kwa mlango wa nia njema. Binti aliyelelewa kwa dini amekatazwa kutinda nyusi. Amelisikia chuoni, amelisikia darsani, na mamake amemkariria. Basi ili naye apate nyusi zenye umbo kama za wenzake, bila ya kung'oa hata unywele mmoja, huikoroga piko, akajichora nyusi mbili nene, akangoja zikauke. Hakunyoa, hakung'oa, ajiona yu salama upande wa sheria. Mama akimwona humsifu.

Katazo hilo lina asili yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Abdallah bin Masud, aliyesimulia laana juu ya wanawake wenye kung'oa nywele za uso na wenye kutaka kung'olewa. Bibi mmoja wa kabila la Banu Asad, Umm Yaakub, alimwendea akamwambia kwamba amesoma msahafu mzima wala hakuliona jambo hilo. Ibn Masud akamrejesha kwenye aya ya Suratul Hashr inayowaamuru Waislamu washike alilowaletea Mtume na waache alilowakataza. Bibi yule hakuishia hapo. Alisema adhani mke wa Ibn Masud mwenyewe huyafanya hayo. Akaambiwa aingie ndani akatazame. Akaingia, asione kitu.

Wanazuoni wa baadaye walitofautiana katika matawi ya jambo hili. Imamu Nawawi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, amemruhusu mwanamke aliyeota ndevu au masharubu kuziondoa; na wako waliomruhusu mwenye mume kutinda kwa idhini ya mumewe. Hayo tunawaachia masheikh. Sisi twaupenda ujasiri wa bibi yule, aliyeuliza, akajibiwa, kisha akataka kuona ndani ya nyumba. Nasi twaomba kila mama aingie chumbani mwa bintiye akaitazame pakiti ya piko.

Hina haina weusi. Majani ya mhina hutoa wekundu na kahawia, basi. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele ya kiwandani, ambayo ndani yake mna dawa iitwayo parafenilinidiamini. Pakitini mara nyingine huandikwa herufi tatu tu, PPD. Imetengenezwa kwa nywele za kichwa, na pakiti nyingi zenyewe huonya isitiwe kwenye nyusi wala kope. Lakini onyo huwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni, tena aghalabu mpakaji ameshaitupa pakiti kabla mpakwaji hajafika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hiyo hairuhusiwi kupakwa ngozini, na katika rangi ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2 inapofika kichwani. Huku kwetu hupimwa kwa jicho.

Wala si habari mpya. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye dawa hiyo hiyo. Wanawake walivimba macho, wako waliopofuka, na mmoja akafa. Misiba ya namna hiyo ilichangia kupitishwa kwa sheria ya vyakula, madawa na vipodozi ya mwaka 1938 nchini humo.

Hila ya piko ni kwamba haimwonyeshi mtu ubaya wake mapema. Hupakwa mara ya kwanza, pengine hata ya tatu, pasitokee kitu, kumbe mwili wajifunza kuikataa. Kisha siku moja, harusi ya dada imebakia siku mbili, ngozi huwasha, nyusi hutoka malengelenge, na kope huvimba hata macho yasifunguke. Na mwili ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha. Miaka ishirini baadaye, akitaka kutia mvi zake rangi, atavimba tena.

Wengine watasema, na turudie wanja wetu. Twaafiki, ila si kila wanja. Wanja wa manga, ule wa jiwe lililosagwa, mara nyingi huwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Nasi tuna ada ya kuwachora watoto wachanga nyusi kubwa za wanja kuwakinga na jicho la hasidi. Ada hiyo tumekulia nayo, lakini mtoto hujipangusa uso kisha mkono akautia kinywani. Asomewe dua, wanja aachiliwe mbali.

Kwa anayetaka nyusi nzuri nyumbani, kazi ni ndogo. Aoshe uso, apake tone la mafuta ya nazi, azichane kwenda juu na nje kwa mswaki laini usiotumika kwa meno. Penye upungufu ajaze kwa penseli ya nyusi, mistari mifupi mifupi kama unywele, na usiku aioshe. Penseli haiazimwi. Aliyepata fatwa na akaamua kutinda, akae dirishani penye mwanga, avute unywele kuelekea unakoota, na kila baada ya nywele tatu nne akiweke kibano chini ajitazame. Wembe auache, na wa kuazimana ndio kabisa, kwani damu kidogo yatosha kupitisha homa ya ini. Uzi wa saluni nao hung'oa vile vile, asidanganyike. Ajue pia kwamba nyusi iliyong'olewa miaka na miaka huenda isirudi; wako akina mama waliotinda hata zikawa nyembamba kama uzi, na leo huzichora kila asubuhi mahali pasipo na kitu.

Aliyekwisha kupaka piko na akaanza kuwashwa, asingoje kesho. Aoshe kwa maji mengi na sabuni laini, asikwangue, asitie ndimu. Kope zikivimba au pumzi ikibana, aende hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti aichukue mkononi ili daktari aisome.