Kuinua gari kwa bei nafuu: Mfanyabiashara apige hesabu kabla ya kununua spesa

WAFANYABIASHARA wadogo wa Manzese wenye magari ya kuvuta magurudumu manne, yaani Escudo, Surf, Prado na pikapu za Hilux, wapo wanaotoa fedha kuyainua magari hayo bila kujua hasa wananunua nini. Fundi husema "tunaongeza inchi mbili", mwenye gari hufurahi, na baada ya miezi michache matairi yameliwa upande mmoja na mipira ya shafti imepasuka.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mkazi wa ndani ya Manzese hupita vichochoro vyenye mashimo na mitaro iliyo wazi kabla hajaigusa lami ya barabara ya Morogoro, na akishaigusa humsubiri matuta mahali pengine. Mfanyabiashara anayefuata mananasi Kiwangwa ili ayafikishe Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kabla hakujapambazuka, hana nafasi ya gari linalogusa chini kila penye tuta la udongo. Mzigo wake huoza.

Lakini ifahamike mapema kwamba kuinua gari si leseni ya kuvuka Jangwani wakati Msimbazi umefurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na Aprili 2018 hata mabasi ya mwendokasi yalisimamishwa kwa sababu ya maji pale pale. Injini huvuta hewa kupitia tundu lake, na tundu hilo halipandi juu eti kwa kuwa springi ni ndefu, bali hupanda kwa kiasi kile kile bodi ilichopanda, sentimita nne au tano tu. Ndiyo maana Land Cruiser za kazi hufungwa mkonga. Mwenye Escudo asijilinganishe nazo.

Jambo la pili ambalo wauza spea hawalisemi ni kwamba kwenye gari lenye ekseli ngumu, springi haziinui difu. Ekseli imelala juu ya magurudumu, na springi ziko juu ya ekseli. Zikirefushwa, kinachopanda ni bodi, tangi la mafuta na bampa, lakini lile bonge la difu hubaki palepale lilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi. Mathalan, tairi ya 215/65R16 ina kipenyo cha milimita 686 hivi. Ile ya 225/70R16 ina milimita 721. Tofauti ni 35, na nusu yake, yaani karibu milimita 18, ndiyo inayoongezeka chini ya difu. Hizo milimita 18 ndizo pekee ambazo jiwe la njia ya Kiwangwa litazitambua. Hasara yake ni kwamba mshale wa spidi utadanganya: ukionyesha 80, gari litakuwa linakwenda 84.

Kwa hiyo swali la kwanza si "niongeze inchi ngapi?" bali ni kitu gani kinachogonga chini. Kama ni difu, fedha iende kwenye matairi. Kama ni bampa, bomba la egzosi au ngazi ya pembeni, hapo ndipo springi zina kazi.

Na hapa pana siri ambayo ingewaokolea wengi fedha. Magari mengi ya aina hii yaliyoko mitaani yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka kumi au zaidi, kisha yakabebeshwa magunia hapa kwetu. Springi zake zimechoka na kukaa. Mwenye gari anadhani gari lake ni fupi, kumbe limeshuka. Springi mpya za kiwango kile kile cha kiwandani zikifungwa, gari hurudi kwenye kimo chake, na wakati mwingine kimo hicho kinatosha kabisa. Upo mtihani wa bure: gari lisimamishwe kwenye sakafu iliyo sawa bila mzigo, ipimwe kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Kulia na kushoto pakitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, au nyuma pakiwa pameshuka kuliko mbele, mwenye gari atafute springi kwanza, ya kuinua yasubiri.

Akishajiridhisha kwamba kimo cha kiwandani hakimtoshi, njia za bei nafuu zilizopo sokoni ni chache, na hazilingani hata kidogo.

Ya bei ya chini kuliko zote ni kukaza nati kwenye Surf za zamani, zile za 1989 hadi 1995, pamoja na Hilux zenye mfumo kama huo, ambazo mbele hazina springi za mviringo bali vyuma virefu vinavyojinyonga. Fundi huchukua spana, hukaza, na mbele panapanda. Hulipwa ufundi tu. Kasoro ni kwamba gurudumu hupoteza nafasi ya kushuka, kwa hiyo kila shimo hupiga kama nyundo, na shafti za mbele hukaa zimepinda muda wote. Kukaza kidogo ili kurudisha kimo kilichopotea ni sawa. Kukaza mpaka mwisho ni kununua shafti mpya kwa mkopo.

Inayofuata ni spesa, na hii ndiyo inayouzwa kwa wingi. Ni kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi au juu ya shokapu. Hakiongezi nguvu ya kubeba. Springi iliyochoka hubaki imechoka, ila sasa imesimama juu ya kigoda. Wanunuzi wa Prado wajihadhari na jambo moja: mbele ya gari hilo shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini na si mwisho wake, hivyo spesa ya sentimita 2.5 juu ya shokapu huinua gari kwa karibu sentimita 5. Aliyenunua spesa ya sentimita 5 akidhani anapata 5 amejitafutia boljointi za kubadilisha. Nyuma, spesa ikiwekwa kwenye springi huku shokapu ikiwa ile ile fupi, gurudumu likishuka shimoni shokapu hufika mwisho wake na kugonga, na haitadumu.

Kwa gari la kila siku, njia inayostahili fedha ni springi mpya zilizo ndefu kidogo, za kuinua sentimita 4 au 5 basi, zikiambatana na shokapu zinazolingana nazo. Seti za kampuni ya ARB ya Australia, zijulikanazo kama Old Man Emu, ndizo wengi wanazozitamani, lakini bei yake si ya muuza mananasi. Zipo za nchi nyingine za bei ya chini zinazofaa, mradi muuzaji ajue zimetengenezwa kwa uzito gani. Springi za gari linalobeba kilo 300 nyuma kila siku si sawa na za gari linalobeba familia Jumapili. Ngumu mno zikifungwa kwenye gari tupu, litarukaruka na kuvunja vingine. Kwa pikapu za springi za majani, kuongeza jani moja nyuma ni ufundi wa kawaida na hauna ubaya, ila nao humfaa mwenye mzigo wa kudumu.

Mwenye Escudo ya kuanzia 2005 ajue kuwa lake si kama yale ya miaka ya 1990. Nyuma halina ekseli ngumu, na ukiliinua pembe za magurudumu hubadilika mbele na nyuma. Alaimenti ifanyike kote kuwili.

Breki nazo husahauliwa. Hilux na Surf nyingi zina vali nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiinuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo, vali hudhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma hufanya kazi nusu hata likiwa na shehena. Mteremko wa Kitonga si mahali pa kuligundua hilo, hasa kwa gari ambalo tayari limekuwa refu na lina keria iliyojaa.

Huko Kariakoo, mwenye kununua aombe risiti ya mashine ya EFD yenye jina la kifaa. Shokapu zenye majina makubwa ya Kijapani huigwa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, lakini mlalamikaji asiye na risiti hana pa kuanzia. Shokapu iliyotumika isinunuliwe kabisa, hata ikiwa inang'aa. Springi iliyotumika inaweza kupimwa kwa futi, ilhali mafuta ya ndani ya shokapu hayaonekani.

Hesabu ya mwisho ni ya siku za kazi. Ichukuliwe mfanyabiashara mwenye safari tatu kwa wiki, kila moja ikimwachia Sh. 70,000. Gari likilala gereji wiki mbili likisubiri shafti, amepoteza Sh. 420,000 kabla hajalipia shafti yenyewe. Spesa aliyoinunua kwa kuwa ni rahisi imekwisha kuwa ghali. Aidha, mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kwa sababu jambo lililofichwa ndilo hutafutwa siku ya madai.

Anayekwisha kufunga asimamie mambo matatu mwenyewe. Bolti za mikono yenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa chini limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo bushi hukaa zimenyongwa na kuchanika upesi. Taa za mbele zishushwe, maana gari lililoinuka humpofusha anayekuja. Kisha baada ya kilomita 400 hivi, yaani safari moja ya Morogoro kwenda na kurudi, springi zikiwa zimekwisha kukaa mahali pake, bolti zote zikazwe tena na alaimenti ipimwe upya.