Sanaa Haisomeshwi Dirishani

BARAZANI, na Athmani Mwinyi Kombo

Kila Jumatatu na kila Ijumaa asubuhi, katika viwanja vya shule zetu, toka zile za kuta za udongo kandokando ya Mto Tana hata zile za ghorofa kule Nairobi, watoto husimama safu kwa safu, bendera ikapandishwa, nao wakauimba Wimbo wa Taifa. Na katika umati huo wote ni wachache mno waliopata kuambiwa kwamba mahadhi wanayoyaimba yalikuwa, kabla ya kuwa mali ya dola, wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, ambao mama aliuimba usiku ili mwanawe apate usingizi. Nchi ilipokuwa ikiukaribia uhuru, tume ya watu watano, yaani George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya, Kasisi Thomas Kalume, na Graham Hyslop, yule Mwingereza aliyetunga kwa Kiswahili tamthilia za Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi, ilipewa kazi ya kuitafutia Kenya wimbo wake, na lahani waliyoichagua ilitoka kwa Mzee Meza Morowa Galana, Mpokomo wa Tana.

Nimeitanguliza habari hii kwa kuwa ndani yake limo shauri langu lote la juma hili. Mtoto huuimba wimbo huo mara mbili kwa juma, mwaka hata mwaka, toka avaapo sare ya kwanza hadi amalizapo sekondari, na aghalabu katika muda huo mrefu hatokei mtu wa kumketisha na kumwambia: sikiliza, sauti inapanda hapa, inatua hapa, na mama yule alizigawa pumzi zake namna hii kwa sababu alikuwa akipakata mtoto, sasa jaribu nawe utunge wako. Tunawaimbisha watoto wetu na hatuwasomeshi kuimba, kadhalika tunawapa rangi na hatuwasomeshi kuchora, na mwisho wa mwaka twastaajabu kwamba vipaji ni haba.

Nilisoma Mombasa, katika shule ya serikali ambayo jina lake halina haja hapa, nami nilikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mfumo huo, tuwe waadilifu, ulikusudia kheri: ulitaka mtoto amalizapo darasa la nane awe na ujuzi mikononi mwake, na kwa ajili hiyo ukaleta Sanaa, Ufundi na Muziki, ukayatia katika mtihani wa KCPE. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa wa kuchagua jibu moja katika manne kwa penseli, na shule yetu haikuwa na ala wala burashi, basi tukazikariri sanaa kama tulivyokariri majina ya mito. Nilijua kwamba buluu na manjano huzaa kijani, nikatia alama penye herufi iliyo sawa, nami katika uhai wangu wote wa wakati ule sijapata kuichovya burashi katika rangi yoyote. Kwa hiyo wanaosema leo kwamba dawa ni kuurudisha mtihani siwaungi mkono, kwani nilikuwapo.

Muhula wa pili ulipoingia, shule ilijitayarisha kwa Tamasha la Muziki. Mwalimu alipita darasa baada ya darasa, kila mtoto akaimba mstari mmoja, naye kwa ishara ya kidole akawatenga wanaofaa na wasiofaa. Waliofaa walikuwa kama arubaini hivi. Sisi tuliosalia, mamia kwa mamia, tukaambiwa turejee kwenye hesabu zetu. Jioni, madarasa yakiisha, tulikuwa tukisimama nje ya chumba cha mazoezi, tumeshika nondo za dirisha, tukiwatazama wenzetu wakifunzwa kuvuta pumzi, kufungua kinywa, kuachana sauti na kukutana tena, na tulipojaribu kuigiza kwa sauti ndogo tulifukuzwa tusiwaharibie. Kando yangu alikuwa rafiki yangu mmoja, mwana wa mpiga zumari, ambaye kwa sauti yake ya mkwaruzo alitengwa pamoja nami. Na mtoto yule alikuwa akipiga chapuo na vumi harusini tangu angali mdogo, mkono wake ukijua kungoja pale ambapo mikono ya watu wazima huharakia. Katika shule ile, miaka yote minane, hakuna aliyemwuliza anajua nini.

Sisemi haya kulilaumu Tamasha, ambalo asili yake ni mwaka 1927, na ambalo limehifadhi ngoma na nyimbo nyingi ambazo pasipo jukwaa lile zingalikufa pamoja na wazee wake. Nimekwenda mara nyingi, nami nitakwenda tena. Lawama yangu ni juu ya desturi iliyoota mizizi katika shule zetu ya kulifanya tamasha kuwa badala ya somo, hata mwalimu mkuu akiulizwa habari za sanaa shuleni mwake huonyesha vikombe vilivyopangwa ofisini, wala haoni kuwa vikombe hivyo ni vya watoto arubaini, na kwamba mamia waliobaki hawakupata hata harufu ya ilimu ile. Hatungekubali hata siku moja mwalimu wa hesabu awachague arubaini wanaojua kuzidisha, awafundishe hao peke yao ili washinde mashindano ya wilaya, na waliobaki awaache dirishani. Katika sanaa tumekubali, tena tumekubali kwa furaha na makofi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE ulipunguzwa ukabaki na karatasi tano, na Sanaa na Muziki vikatolewa. Yaliyofuata kila mzazi wa zama zile anayajua: somo liliendelea kuwamo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, na saa yake ikaliwa na Hisabati na Kiingereza.

Ipo sanaa moja tu iliyosalimika kwa kila mwanafunzi, nayo ni ushairi, kwa sababu ulipata hifadhi ndani ya Kiswahili, na katika mtihani wa KCSE ukawa na maswali yake katika karatasi ya Fasihi. Mtu wa pwani angetarajiwa kufurahi, na kwa kiasi nafurahi. Lakini hebu mtazame mwanafunzi anavyousoma ushairi huo. Hupewa shairi la mtu mwingine, akaambiwa ataje bahari yake, ahesabu mizani, aeleze vina vya ukwapi na vya utao, kisha aandike ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari, yaani aivunje nyumba nzima na kuyapanga mawe yake chini. Hayo yote yana faida, wala siwadharau waalimu wanaoyafundisha kwa bidii. Lakini arudhi, kama alivyoifafanua Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, ni sheria za kutunga, na kutunga ndiko kusikoulizwa. Kijana aweza kumaliza miaka minne ya sekondari akiwa amevunja tungo hamsini na hajatunga hata ubeti mmoja wa mizani kumi na sita, ilhali bibi yake asiyejua kusoma hutunga papo kwa papo akiwa jikoni, na vina vyake havipindi.

Sasa tumo katika Mtaala wa Umilisi, ulioingia nchi nzima mwaka 2019, nao kwa maneno umeirejesha sanaa mahali pa heshima. Nimefarijika kuona mtoto wa Gredi ya 4 akirudi nyumbani na filimbi yake ya plastiki, ijapokuwa majirani hawakufarijika. Mtoto yule angalau ameishika ala. Pamoja na hayo, masomo yalipopunguzwa katika Sekondari ya Msingi mwaka 2024, muziki, uchoraji, uigizaji na riadha vilitiwa katika somo moja la sanaa na michezo, na aghalabu mwalimu wake ni mmoja. Mtu mmoja huyu anatakiwa afundishe kandanda asubuhi, noti za muziki kabla ya mapumziko, na vivuli vya penseli baada ya chakula, naye pengine chuoni alisomea Historia. Nimezungumza na waalimu wa namna hii, watu waungwana wenye nia njema, na wengi wao wamekiri kwamba wanafundisha mpira, kwa kuwa mpira wanaujua, na yaliyosalia huyapa kazi ya nyumbani, ndipo mzazi akajikuta saa tatu ya usiku anatafuta maboksi na gundi ili amtengenezee mwanawe kifaru.

Na huko juu, katika Sekondari Pevu, iliyowapokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari mwaka 2026, njia ni tatu: ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ya Sayansi za Jamii, na ya Sanaa na Michezo. Kila shule iliagizwa iwe na njia ya sayansi, agizo ambalo silipingi. Lakini njia ya sanaa haikupewa ulazima huo, na serikali imekusudia isomewe na wanafunzi 15 tu katika kila 100. Idadi hiyo hainitishi. Kinachonitisha ni kwamba kijana wa kijijini Pate au Faza akiitaka njia hiyo atavuka bahari kuitafuta, na yule atakayechagua sayansi, ambaye kesho atakuwa daktari au mhandisi, ataagana na kalamu ya kuchorea akiwa na miaka kumi na mitano.

Hujibiwa kwamba fedha hazipo na waalimu hawapo. Habari ya fedha naijibu kwa mfano mmoja. Mnamo mwaka 1937 mwanamke wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza kuwafundisha kuchora na kuchonga wanafunzi wachache wa Makerere katika baraza ya nyumba yake. Hakuwa na jengo wala fungu. Katika mkondo ulioanzia pale barazani walitoka Gregory Maloba, aliyeifanya sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962. Na Sam Ntiro, mchoraji wa Kichaga aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Na Elimo Njau, ambaye mwaka 1965 alishiriki kukianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi. Kilichokuwapo ni mtu ajuaye na saa isiyoibwa.

Ama waalimu, wapo, ila hatukuzoea kuwaita kwa jina hilo. Piteni vichochoro vya nyuma vya Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mkamtazame fundi wa milango akichora nakshi juu ya ubao kabla ya kushika patasi: anaugawa upana kwa bikari, anaitafuta kati, anaigawa tena hadi maua yote yakalingana pasipo kubaki hata unyuzi, na kijana aliye kando yake anajifunza uwiano na pembe kwa namna ambayo haitamtoka. Fundi huyu hawezi kuajiriwa shuleni, maana sheria inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, naye shahada yake ni milango yake. Sheria hiyo ina maana, inawalinda watoto, wala siombi ivunjwe. Naomba uwekwe mlango wa pembeni: fundi wa nakshi, mpiga udi, manju wa ngoma, mghani wa tenzi, waingie darasani saa zilizopangwa, mwalimu mwenye leseni akiwa pamoja nao, walipwe ujira wa haki, na baada ya miaka michache mwalimu yule naye atakuwa amejifunza. Wenzetu wa Unguja, katika chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichofungua milango yake mwaka 2002 Mji Mkongwe, wanafundisha udi, ganuni, fidla na ngoma kwa mikono ya wanamuziki wenyewe, na vijana wanatoka pale wakijua noti za kizungu pamoja na maqamu ya taarabu. Mombasa, mji wa mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, haina sababu ya kuwatazama kwa mbali.

Nawasikia pia wazazi wanaosema kuwa sanaa haileti mkate. Siwezi kuwapuuza, kwani wanauza mbuzi na mashamba kulipa karo, na haki yao ni kuuliza. Nawajibu kwamba sikuomba kila mtoto awe mchoraji, kama ambavyo hatukumsomesha kila mtoto hesabu ili awe mhasibu. Naomba kila mtoto apate mkono unaotii jicho, na sikio linalojua kungoja, na ujasiri wa kusimama mbele za watu na kunena. Na wenye viwanda, hospitali na mahakama watawaambia wenyewe kama wanavihitaji vitu hivyo au la.

Wizara ya Elimu naiomba neno dogo. Iamuru saa mbili kwa juma kwa kila mtoto, toka Gredi ya 1 hata ya 12, awe amechagua sayansi au la, saa zisizoguswa na Hisabati wala na mazoezi ya tamasha, na watoto wote waingie ndani. Rafiki yangu yule, mwana wa mpiga zumari, yu hai. Anakaa hatua chache tu kutoka shule ile ile, anapiga chapuo harusini na kwenye maulidi, na watoto wa mtaa humfuata nyuma. Hadi juma hili hajapata kuitwa na shule. Nilimwuliza juzi kama angekwenda, akasema yuko tayari kuanza Jumatatu.