Mganda Ambaye Hakuwa Mganda

Mwezi huu naweka mbolea na mbegu kando. Vijana wa kijiji kimoja huku Mufindi wameniuliza swali, nami sipendi swali lilale. Waliangalia mieleka ya zamani ya Marekani katika kibanda cha video. Wakaona mtu mkubwa sana, mweusi, miguu peku. Amejipaka rangi usoni, amechorwa mwezi na nyota mwilini, ana mkuki mkononi. Anaitwa Kamala, Jitu la Uganda. Wakaniuliza, "Bwana Shamba, huyu ni Mganda wa wapi? Mbona Waganda tunaowajua hawako hivyo?"

Jibu ni fupi. Hakuwa Mganda.

Jina lake lilikuwa James Harris. Alizaliwa tarehe 28 Mei 1950 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Huko ni nchi ya pamba. Akiwa bado mtoto mdogo, baba yake aliuawa. Watu wake walilima kwa kugawana. Maana yake, ardhi ni ya tajiri, jasho ni la mkulima, na mavuno yakija tajiri anachukua fungu lake. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi hapa Iringa hawahitaji kuelezwa zaidi. Alipokuwa kijana, Harris alikwenda jimbo la Florida. Huko alichuma matunda na kuendesha lori.

Alianza mieleka mwaka 1978. Mwaka huo huo majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vijana wetu wakaenda kuyaondoa. Mwezi Aprili 1979 Amin alikimbia Kampala. Lakini jina lake lilikuwa limeenea duniani kote, na watu wa maonyesho wanajua kuuza jina la kutisha.

Mwaka 1982, katika mji wa Memphis, mwenye maonyesho Jerry Jarrett na mpiga mieleka Jerry Lawler walimtengenezea Harris sura mpya. Wakatangaza kwamba ametoka msitu wa Uganda, kwamba aliwahi kumlinda Amin, kwamba anakula watu. Filamu ya kumtangaza ilipigwa shambani kwa Jarrett. Ule ukungu wa msituni ulitoka kwenye barafu kavu! Mimi nawaza wakulima wa Uganda, watu wa migomba na kahawa kama jirani zetu wa Rungwe, wakionyeshwa picha ile na kuambiwa, "Huyu ni ndugu yenu." Ni matusi. Lakini lawama yangu kubwa ni kwa waliouza tiketi. Harris alikuwa anatafuta chakula.

Kijana mmoja aliuliza kama wanapigana kweli. Katika mieleka ile ya kulipwa, mshindi hupangwa kabla ya mchezo. Hata hivyo kuanguka ni kuanguka. Harris alikuwa na urefu wa karibu mita 2, na uzito wa kilo 170 hivi, karibu magunia mawili ya mahindi. Mwili kama huo ukibwagwa chini usiku baada ya usiku, mifupa inajua.

Alishindana na watu wenye majina makubwa, kama Hulk Hogan na André the Giant. Watu walijaa kumtazama. Lakini Kamala hakutakiwa kujua Kiingereza, kwa hiyo mbele ya watu alinguruma tu na kujipiga tumbo. Na fedha je? Tarehe 29 Agosti 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, Uingereza, mbele ya watu wapatao 80,000. Harris mwenyewe alidai baadaye kwamba alilipwa dola 13,000, na mwenzake dola 500,000. Pigeni hesabu. Ni zaidi ya mara 38. Watu wawili, ulingo mmoja, jioni moja.

Hapo nilikumbuka viazi vyetu vya Uyole. Mkulima anajaza gunia, mnunuzi anaongeza kilemba juu, lumbesa, kisha analipa bei ya gunia moja. Ukimwuliza mkulima kilo ngapi zimeondoka, hajui. Mizani haikuwapo. Harris naye, kwa maelezo yake, alijua fungu la mwenzake baada ya kazi kwisha.

Mwaka huo huo wa 1992 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, na presha pia. Mwaka uliofuata aliondoka katika kampuni ile kubwa, akarudi kuendesha lori.

Hapa nisomeni polepole. Kisukari kikikaa mwilini bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mguu unakufa ganzi. Mtu anachomwa na mwiba au anajikata kwa jembe, hasikii. Kidonda kinaoza naye anaendelea kupalilia. Ndiyo maana mwenye kisukari hukagua nyayo zake kila jioni, na wala haendi shambani peku. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, kidonda kisichopona: ukiona hayo, nenda zahanati ukapimwe. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni. Nimesikia watu wakisema huo ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Si kweli. Hata mkulima wa kijijini anaupata.

Mwezi Novemba 2011 Harris alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Mwezi Aprili 2012 akakatwa na wa kulia. Akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na mashine ya kusafisha damu. Alikuwa na ufundi wa kutengeneza viti vya mbao, akaviuza. Mwaka 2014 kilitoka kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni "Kamala Anasema". Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, baada ya kupata ugonjwa wa korona. Alikuwa na umri wa miaka 70.