Motokari ya zamani: tutengeneze kwa ajili ya barabara, si kwa ajili ya macho



Siku moja ya posho, ndugu yetu mmoja anayeendesha kamioni kubwa za karieri alifika dispanseri. Watu wa kambi humwita Baba Mapasa. Hakuja kwa sababu ya homa. Alikuja kwa sababu ya mgongo. Alitembea akijishika kiuno kama mzee wa miaka 80, na yeye bado hajafika 45.

Nikamwuliza: «Baba Mapasa, umeinua kitu gani kizito?»

Akajibu: «Sikuinua kitu, Muganga. Nilitoka Likasi na motokari yangu, basi.»

Motokari hiyo wengi wenu mnaifahamu, maana watoto huikimbilia kila inapopita. Ni Peugeot 504 Coupé, ile ya milango miwili. Umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1983. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 40. Baba Mapasa aliinunua kwa akiba ya muda mrefu, na hakuna anayeweza kumlaumu. Mtu aliyefanya kazi kwa jasho ana haki ya kupenda kitu kizuri.

Lakini alifanya nini baada ya kuinunua? Alimpa fundi mmoja wa mtaani, akamwambia aishushe chini ifanane na motokari za mashindano. Fundi akakata resori kwa moto. Kisha akafunga amortiseri ngumu za okazioni, zilizotoka kwenye motokari nyingine. Kwa macho, motokari ikapendeza. Kwa mgongo, ikawa adui. Mama Mapasa alipanda mara moja tu, akasema: «Mimi na watoto wangu hatupandi tena.»

Mimi si fundi wa motokari. Lakini migongo ninaiona kila juma, na kwa ajili ya neno hili nilikaa jioni mbili na fundi mzee wa garaji, nikamwuliza kila kitu. Haya ndiyo maoni yangu.

Tuanze na kazi ya vyuma hivi. Resori hubeba uzito wa motokari. Amortiseri huzuia resori isiendelee kurukaruka. Vyote viwili vina kazi moja kubwa: kushikilia mpira juu ya barabara. Mpira ukiruka hewani hata kidogo, freni hazina nguvu, wala volani haisikii. Kwa hiyo ugumu si usalama. Katika barabara laini ya mashindano, ugumu unaweza kusaidia. Katika barabara ya mashimo, motokari ngumu huruka, na motokari inayoruka haina mwenye kuiongoza.

Sasa mwili wa mtu. Motokari ya kawaida hupanda na kushuka juu ya resori zake mara moja hivi, au mara moja na nusu, kwa sekunde. Mwili huvumilia mwendo huo vizuri. Lakini mtu akiwa ameketi, uti wa mgongo huumizwa zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kadiri unavyozidisha ugumu wa resori, ndivyo unavyoisukuma motokari kuelekea mtikisiko huo mbaya. Na resori iliyokatwa imebaki na nafasi ndogo ya kushuka. Ikifika mwisho, chuma kinagonga chuma, na pigo lote linaingia katika kiti, halafu katika kiuno chako. Ewe mwenye kutikiswa zamu nzima juu ya kamioni, je, mgongo utapumzika saa ngapi ukitikiswa tena njiani kurudi nyumbani?

Wengine watanijibu: «Lakini 504 ni motokari ya mashindano!» Ni kweli kabisa. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kule Kenya na 504 Coupé ya V6. Lakini tuangalie vizuri. Motokari za Safari hazikuburuta tumbo chini. Ziliinuliwa juu na kuimarishwa, magurudumu yapate nafasi ndefu ya kupanda na kushuka juu ya mawe na matope. Walioshinda barabara za Afrika hawakukata resori. Tukitaka kuiga mashindano, tuige hayo.

Basi, mwenye motokari ya namna hii na feza kidogo mkononi aanzie wapi? Katika dispanseri hatutoi dawa kabla ya kupima mgonjwa. Tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, pima. Bonyeza kona moja ya motokari kwa nguvu, kisha achilia. Ikipanda na kutulia, ni vema. Ikiendelea kucheza, amortiseri imekufa. Tazama kama mafuta yanavuja juu yake. Pitisha mkono juu ya mpira: ukisikia mabonde na vilima, hiyo pia ni dalili.

Pili, badilisha vitu vya kaucho, yaani silenbloki, na rotili zilizolegea. Kaucho ya miaka 40 imekauka na kupasuka. Hakuna amortiseri mpya itakayofanya kazi yake vizuri juu ya kaucho iliyokufa. Wengi wanadhani motokari yao inahitaji ugumu, kumbe inahitaji kaucho mpya tu. Kazi hii haionekani kwa macho ya majirani, lakini ndiyo inayorudisha motokari katika ujana wake.

Tatu, nunua amortiseri mpya, zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma kwa pamoja, zinazolingana na resori zako. Usifunge moja mpya na moja ya zamani. Usinunue za okazioni, maana hujui zimebeba nini kabla yako.

Nne, kama motokari inaegama mno kwenye kona, chuma cha kuzuia kuegama kilicho kinene kidogo husaidia bila kuharibu sana ulaini katika barabara iliyonyoka. Lakini usizidishe kwa nyuma. 504 husukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati wa mvua, nyuma ikiwa ngumu mno itateleza na kukugeuza.

Tano na mwisho, resori. Kama zimechoka, weka mpya za kimo cha kiwanda, au ngumu kidogo tu. Ya V6 ina uzito zaidi mbele, kwa hiyo usichanganye resori zake na za mashine ndogo. Ukiishusha 504, magurudumu ya nyuma yanalala kwa ndani na kula mipira upande mmoja, na mbele inaweza hata kuegama zaidi kuliko zamani. Kazi ikiisha, pima paralelizimu kabla ya kufanya safari.

Kuhusu kukata resori sina maneno mawili: tusifanye. Moto unaharibu nguvu ya chuma, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa mahali pake. Gurudumu likiingia katika shimo, resori inaweza kuhama katika kikao chake wakati uko mbioni.

Neno jingine kwa wanaopenda kujitengenezea nyumbani. Resori ya mbele ya 504 imebanwa pamoja na amortiseri yake. Ukifungua nati ya juu bila chombo cha kubana resori, itaruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Nimekwisha kufunga mkono wa kijana aliyejaribu kwa kamba na nyaya. Vidole viwili havikunji tena. Kazini tunavaa kofia ya usalama na kufuata sheria. Je, nyumbani vidole vyetu si vilevile?

Na Baba Mapasa? Nilimpa dawa na siku za kupumzika, nikamwambia ukweli: dawa bila kutengeneza motokari ni kumwaga maji katika kikapu. Alikasirika kidogo, kisha akacheka. Resori nzima za kimo cha kiwanda zimekwisha kurudi mahali pake, na silenbloki zimebadilishwa. Amortiseri bado anazitafutia feza. Aliniuliza kama anaweza kuwapeleka mapasa Kolwezi kumwona nyanya yao kabla ya kuzipata. Nilimjibu: «Hapana. Wapande basi.» Amekubali, na watoto wamekwisha kwenda.

Wafanyakazi wenzangu, jirani anayesifu motokari iliyoshuka chini hatakuwa pamoja nawe siku mpira utakaporuka, wala hatakubebea maumivu ya kiuno uzeeni. Watakaokuwa pamoja nawe ni mke na watoto wako. Kabla ya kutoa feza, jiulize: je, ninanunua kitu cha kushika barabara, au kitu cha kutazamwa? Jibu hilo kwa ukweli, ndipo uende garaji.