Mkungu Wangu Una Kilo Ngapi?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu kazi ilinipeleka Tukuyu. Kama mjuavyo, Tukuyu anayekupokea stendi ni mvua, watu wanafuata baadaye. Nimerudi na viatu vyenye tope jekundu na swali moja lililoninyima raha njia nzima. Nimeona niliweke hapa tulijadili.

Nianze na aibu yangu. Kabla ya kuingia kwenye uandishi nilisoma sosholojia. Nikiwa mwaka wa pili nilikwenda fildi katika kijiji kimoja cha Rungwe. Nilibeba dodoso la maswali 38, limeandikwa kwa Kiingereza, nikawa nalitafsiri papo hapo huku nimesimama kwenye migomba ya watu. Lengo lilikuwa kubaini mambo yanayoathiri kipato cha kaya zinazolima ndizi. Mnacheka? Mimi wakati ule niliona ni kitu kizito sana.

Mama mmoja alinivumilia saa nzima. Ana watoto wangapi, nyumba imeezekwa kwa nini, anasikiliza redio mara ngapi kwa wiki, yote akajibu. Nilipofunga daftari akaniambia, "Na mimi nikuulize, mwanangu. Huu mkungu wangu una kilo ngapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hilo halimo kwenye dodoso."

Kwa wasiojua biashara ya ndizi: shambani mkungu huuzwa kwa macho. Mnunuzi anauangalia, anauinua kidogo, anataja bei. Mkulima anaona gari limekuja, ndizi zimekomaa, mvua inanyesha, basi anakubali. Hakuna mzani. Yule mama alitaka kujua anauza nini. Ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na msomi nikalicheka.

Ripoti niliandika, nikapata B+. Mwezi huu nikapita tena kijijini pale kwa kazi nyingine kabisa, nikamkuta. Nikamwamkia, "Mugonile, mama." Akaniangalia, akasema, "Wewe si yule wa maswali? Majibu yako wapi?"

Wadau, nilikosa pa kuangalia.

Sasa hoja yangu ya leo ni hii. Vyuo vyetu vinapeleka vijana fildi kila mwaka, viwandani, hospitalini, halmashauri na vijijini. Tunaita mafunzo kwa vitendo. Lakini mara nyingi swali linatoka chuoni, jibu linarudi chuoni, na yule aliyekaribisha mgeni anabaki na mikono mitupu. Mpaka swali litoke kwa mwenyeji na jibu lirudi kwake kwa lugha anayoielewa, tusijidanganye kwamba chuo na jamii ni washirika. Kuombana taarifa siyo ushirika.

Wengi wenu mliosoma vyuo vya hapa mnaijua fildi ilivyo. Wiki nane hivi. Wiki ya kwanza unatafuta nani asaini barua. Ya pili unasubiri bumu. Ukipelekwa ofisini unakuwa mtaalamu wa kupiga fotokopi na kuagiza chai. Ukipelekwa kiwandani unakaa pembeni ya mashine, unaambiwa usiguse. Msimamizi kutoka chuoni anakuja mara moja, anaangalia logibuku, anaondoka. Wiki ya mwisho unatafuta desa la ripoti ya mwaka jana, unabadilisha jina la kampuni. Siwasemi ninyi, najisema mimi.

Watakaosema nazungumzia ndoto za Ulaya, waangalie hapa hapa Rungwe. Mnamkumbuka kipunji? Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, akiwemo Tim Davenport na Mtanzania Noah Mpunga, walikuwa wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa wakawatajia mnyama anayeitwa kipunji. Mwanzoni watafiti hawakuwa na uhakika, maana masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa hadithi pia. Hata hivyo hawakucheka kama mimi. Walifuatilia, wakaingia msituni, na mwishoni mwa mwaka huo wakamwona. Kundi jingine la watafiti lilimwona nyani huyo huyo Udzungwa mwaka 2004 bila kujua habari za Rungwe. Mei 2005 habari ikatoka kwenye jarida la Science. Baadaye kipunji mmoja ambaye hajakomaa alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi. Kwa mwili ule wanasayansi wakapata vipimo vya kutosha, na mwaka 2006 wakampa jenasi yake, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Dunia nzima ikasoma jina la Rungwe.

Ilianzaje? Mtu alimsikiliza mwindaji. Wenyeji walikuwa wanamjua mnyama huyo kwa jina siku zote, waliokuwa hawamjui ni wasomi.

Wala si jambo geni Tanzania. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka kijana amalize sekondari, akafanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu. Sisemi turudi huko, lilikuwa na matatizo yake, lakini waliopitisha walikuwa wameliona tatizo: msomi asiyejua kazi wala mtu wa kazi. Miaka hiyo hiyo ya sabini kulikuwa na mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo. Mwanaanthropolojia wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, pamoja na watafiti wa Kitanzania na Kifini waliishi vijijini, wakatafiti pamoja na wanakijiji badala ya kuwatafiti. Leo dunia inaita utafiti shirikishi, inafundishwa kila mahali, na Tanzania inatajwa kati ya mahali ulipochipukia. Sisi tuliouanzisha ndio tunaopeleka dodoso la maswali 38.

Wenzetu wamefikaje? Jirani zetu wa Makerere, tangu 2003, wanafunzi wa udaktari na fani za afya wanapelekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini kama sehemu ya masomo, wakaishi huko na kutambua matatizo pamoja na jamii. Kanada kuna taasisi inaitwa Mitacs, ilianzishwa 1999. Inamuunganisha mwanafunzi wa shahada za juu na kampuni yenye tatizo halisi, kampuni inachangia gharama, mwanafunzi anagawa muda wake kati ya kampuni na chuo. Ninachokipenda zaidi ni cha Waholanzi. Tangu miaka ya sabini vyuo vyao vilifungua kitu wanachokiita duka la sayansi. Chama cha wakazi au kikundi cha wafanyakazi kinaingia na swali: maji yetu ni salama? Moshi wa kile kiwanda unatudhuru? Mwanafunzi analichukua, mwalimu anamsimamia, anapata alama zake, na wenye swali wanapata jibu. Hapo mteja ni mwananchi. Yule mama angekuwa na duka la namna hiyo Tukuyu, angeingia na mkungu wake kichwani.

Na Rungwe ina maswali jamani! Kuna wakulima wadogo wa chai kwa maelfu, na viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Jani la chai likishachumwa halisubiri, linanyauka na kupungua uzito. Mwanafunzi mwenye saa na mzani angepata kazi ya wiki nane bila kudesa. Ikama kuna gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, TOL wanaivuna, ile ile inayotia povu kwenye soda. Kiejo-Mbaka wanatafuta umeme wa jotoardhi. Tukuyu mjini kuna kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR, katika wilaya ambayo usubi umewatesa watu wa mabonde ya mito kwa muda mrefu. Parachichi zinapandwa kila mahali siku hizi. Mbeya mjini, kilomita 70 hivi, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. Yaani maabara ipo, wanafunzi wapo, maswali yapo. Kinachokosekana ni mlango wa kuyaingizia maswali.

Fedha nazo hazikosekani kabisa. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, moja ya malengo yake ni kuvifunga vyuo na soko la ajira na viwanda. Vizuri sana. Ila naona neno "viwanda" linasemwa kwa sauti kubwa na neno "jamii" linafuata nyuma kwa aibu. Kiwanda kina meneja anayeweza kukaa kwenye kamati ya ushauri ya chuo. Mama wa migomba atakaa kamati gani?

Najua mtakavyonijibu. Wapo watakaosema swali la kilo ni dogo mno kwa chuo kikuu. Hebu tuone. Chukua mikungu 300, pima kila mmoja, andika aina ya mgomba, mwinuko wa shamba, mwezi, bei aliyopewa mkulima na bei iliyouzwa Mabibo, Dar, siku chache baadaye. Hapo una takwimu, uchumi, kilimo na usafirishaji ndani ya kazi moja. Mwisho unatoa jedwali la ukurasa mmoja: mkungu wa mzunguko huu una kilo hizi. Mkulima anapima kwa kamba, anajua. Niambieni ripoti gani ya mwaka wa pili imewahi kufanya hivyo.

Wengine watasema wahadhiri wana wanafunzi wengi, hawawezi. Hili ni kweli na silipuuzi. Mhadhiri mmoja mwenye wanafunzi mia hawezi kuzunguka vijiji mia. Lakini kwa nini wanafunzi mia wawe na maswali mia yasiyohusiana? Wapeni kumi swali moja, katika kata moja, kwa miaka mitatu mfululizo, kila kundi likianzia lilipoishia lililotangulia. Msimamizi atasafiri mara moja, akute kazi ya kusimamia.

Kuna pia watakaosema mwenyeji atataka jibu linalompendeza. Kampuni haitapenda mwanafunzi aandike kwamba mizani yake ina kasoro, na kijiji hakitapenda aandike kwamba wenyewe ndio wanakata misitu. Hofu hii nakubaliana nayo kuliko zote. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe kabla: swali ni la mwenyeji, lakini mbinu na matokeo ni ya mtafiti, na matokeo yatasomwa hata yakiuma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu tu.

Moja, kila ofisi ya kata iwe na daftari la maswali. Daftari la kawaida la kaunta, siyo mfumo wa kompyuta wa mamilioni. Mkulima, muuguzi, fundi, mwenye kiwanda, yeyote aandike analotaka lijibiwe. Chuo kije kuchagua humo kabla ya msimu wa fildi.

Mbili, mwenyeji asaini kama mshirika, na mwanafunzi alipwe nauli na chakula kama mtu wa kazi. Kampuni inayopata jibu ichangie. Kijiji kisicho na fedha kichangie mahali pa kulala na mtu wa kumtembeza.

Tatu, na hili ndilo ninalolisimamia kwa miguu yote miwili: asipewe alama mpaka arudishe jibu. Kurasa mbili za Kiswahili, zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ipo. Wazee waulize, mwanafunzi ajibu. Nawahakikishia hakuna jopo la maprofesa linalotisha kama mzee wa Kinyakyusa ambaye shamba lililoandikwa kwenye ripoti ni lake.

Msiseme hakuna kinachoharibika tukiendelea hivi hivi. Watu wanachoka. Mwaka ule kijiji kizima kilinifungulia milango. Safari hii nimesikia mzee mmoja akimwambia kijana mwenye dodoso, "Weka namba yoyote tu, mwanangu, mwenzako wa mwaka jana nilimwambia yote." Hizo namba "zozote tu" ndizo zinazokwenda kuwa takwimu, na takwimu zinakwenda kuwa mipango. Halafu tunashangaa mipango haishiki.

Na mimi je? Nilimwomba yule mama msamaha, akasema hayana shida, nikae ninywe chai. Kesho yake nilimtafuta muuza duka mwenye mzani wa kuning'iniza, tukaenda naye shambani. Tukapima mikungu sita ya mama. Mdogo ulikuwa kilo 17, mkubwa kilo 34. Ile miwili aliyokuwa ameshaiuza kwa bei moja, ikisubiri gari, ilipishana kilo 11. Mama hakusema kitu muda mrefu. Akaugusa ule mzito, akaniambia, "Ndaga fijo. Ungenipimia mwaka ule."

Sita si utafiti, najua. Ni deni nililoanza kulilipa kwa kuchelewa. Je, wewe fildi yako uliacha swali la nani bila jibu? Karibuni tulijadili, na mliopo vyuoni msinitukane sana.

Nawasilisha.