Kichurachura si Somo

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Ukisikia "mazoezi ya viungo shuleni", kitu gani kinakujia kichwani kwanza? Wengi wa rika langu hapa Tanzania watakujibu: kichurachura! Umechelewa namba, kichurachura. Umeongea Kiswahili darasani, pushapu ishirini. Mmepiga kelele, darasa zima uwanjani, mizunguko kumi, na mwalimu wa zamu anawasubiri na fimbo.

Hapo ndipo ninapogomba. Shule zetu zimechukua mazoezi zikayafanya adhabu, halafu tunashangaa kijana akimaliza kidato cha nne hataki tena kusikia habari za kukimbia. Atapendaje kitu alichofundishwa kwa kutukanwa?

Si kwamba somo halikuwepo. Katika mtaala wa shule ya msingi wa mwaka 2005 liliitwa Haiba na Michezo. Jina zuri, bwana! Lakini halikuwemo katika mtihani wa darasa la saba, na sote tunajua kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi. Shuleni kwetu kipindi kile kiliporwa na Hisabati, na kisipoporwa tulipewa mafagio na majembe. Mpira ulifungiwa kabatini mpaka mashindano yakaribie. Hapo wavulana kumi na mmoja wakavaa jezi, wasichana saba wakaingia netiboli, na sisi mamia tukapangwa pembeni kupiga makofi. Yule mnene, yule mwenye mguu mbovu, yule mwenye haya, wao walijifunza nini? Walijifunza kwamba miili yao haina kazi ila kubeba madaftari na kupokea viboko.

Wapo watakaosema eti michezo inapoteza muda, mtoto asome kwanza. Wazo hili liliwahi kukaa hata juu serikalini: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa, yakaja kurudishwa baadaye. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa faida ya moyo, mifupa, na hata akili hiyo hiyo tunayodai kuilinda.

Wengine watasema mtoto wa kijijini anachota maji, analima, anatembea mwendo mrefu kwenda shule. Mazoezi gani tena? Jamani, kazi si mchezo. Ndoo ya maji haimfundishi mtoto kumpasia mwenzake, kungoja zamu, wala kushindwa bila kurusha ngumi. Kazi humchosha, mchezo humfungua.

Na wapo wanaoikumbuka michezo kila Olimpiki inapoisha. Wanamtaja Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Wanataja medali mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui, na kulia kwamba mpaka Paris 2024 hatujaongeza nyingine. Kilio chao nakisikia, lakini hoja yangu si medali. Mimi ni mtu wa kalamu, riwaya yangu bado iko daftarini, na sitakimbia popote kwa ajili ya taifa. Ila ninakaa kitini kutwa, na mgongo unaniuma kama wa babu. Mwili huu nao ulihitaji mwalimu.

Wala tusisingizie umaskini. Rede inataka mpira wa matambara. Kombolela haitaki hata hicho. Kamba ya katani inatosha darasa zima kuruka kwa zamu. Kinachotakiwa ni vipindi viwili kwa wiki visivyoporwa na mtu, kila mtoto acheze na si timu ya shule peke yake, na mwalimu anayejua tofauti kati ya kufundisha na kukomoa.

Walimu wetu, tunawaheshimu. Mtoto akikosa mwonyeni, mwiteni mzazi wake, mnyimeni hata mapumziko ya siku moja. Lakini mbio mwachieni. Mbio ni zake, alizaliwa nazo.