MTAMBO UFANYE KAZI, MTU AULINDE

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi wa Mengo tunajua hasara ya kuweka vitu vyote mahali pamoja. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Serikali lilishambulia Lubiri, na jumba la Kabaka likawaka moto. Karatasi isiyo na nakala ikiungua, imekwisha.

Leo jasho letu limeandikwa ndani ya kompyuta za waajiri: siku za kazi, kilo za chai tulizochuma, na michango ya NSSF, yaani shilingi 5 katika kila 100 ya mshahara kutoka kwetu na 10 kutoka kwa mwajiri. Daftari hilo, liitwalo hifadhidata, likiharibika bila nakala, mzee anayestaafu atadai haki yake kwa ushahidi gani?

Njia moja ya kupata nakala safi ni kuifunga hifadhidata kwanza. Mtunza ghala hahesabu magunia huku wapagazi wanaingiza na kutoa. Vivyo hivyo, ukinakili ovyo huku makarani wanaandika, utapata nusu ya jana na nusu ya leo.

Zamani karani wa zamu ya usiku aliifunga, akanakili, akaifungua. Sasa kompyuta inaamriwa kufanya yote yenyewe saa nane za usiku. Hatupingi, mtu huchoka na kusahau. Lakini amri haina macho. Kiwandani kwetu karani mmoja alikwenda nyumbani bila kutoka katika hifadhidata. Amri ya kufunga ikamngoja usiku kucha, na wakati huo haikumruhusu mwingine kuingia. Nakala haikupatikana, na siku hiyo ya mshahara tulisimama foleni hadi jioni. Lawama zote akatupiwa karani!

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, amri iwekewe kikomo cha kungoja. Pili, kunakili kukishindikana, hifadhidata ifunguliwe hata hivyo, na mtu wa zamu apigiwe kengele. Tatu, nakala nyingine ikae nje ya jengo, na kila mwezi ijaribiwe katika kompyuta nyingine kama inasomeka. Nne, karani wa usiku asifukuzwe kwa kisingizio cha mtambo. Yeye ndiye mlinzi wake.

Ndugu, wawakilishi wa kila tawi wamwulize mwajiri: nakala ya mwisho ilijaribiwa lini? Akikosa jibu, haki zetu ziko hatarini.

Umoja ni nguvu!